Kipepeo adimu akionekana mbali na makazi yake: Ukanda wa mpaka wa Uganda na Kenya una la kueleza

Kusini mwa mji wa Busia, upande wa Uganda, barabara inayoelekea Ziwa Victoria hupita katika nchi ya mashamba madogo madogo ya mihogo, mahindi, mtama na wimbi. Kaunti ndogo za Lunyo, Lumino na Majanji zimo katika ukanda huu, na kaskazini yake upo mji wa Tororo na mwamba wake mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, mandhari ni yale yale: mashamba, vichaka, mabonde yenye majimaji na miti michache iliyosalia.

Si mahali ambapo mtaalamu wa wadudu angetarajia kumkuta kipepeo wa msitu mnene. Na ndiyo maana kipepeo wa namna hiyo akionekana hapa, hata mmoja tu, wataalamu humtazama kwa makini. Swali lao si uzuri wa mabawa yake. Wanataka kujua ametoka wapi, amefikaje, na kama ndugu zake bado wanaweza kuifuata njia hiyo.

Jibu lina uzito mkubwa kuliko umbo la mdudu mwenyewe. Ukanda huu umelala kati ya misitu miwili ambayo zamani ilihusiana, na leo imetenganishwa na mashamba. Vipepeo ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuonyesha kama uhusiano huo umekatika kabisa au bado umebakiza uzi.

Kisiwa cha mwisho cha misitu ya Kongo

Misitu mikubwa ya Afrika ya Kati na Magharibi, yenye joto na mvua nyingi, haikomi ghafla kwenye mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Inaingia Uganda kwa vipande: Budongo, Kibale, kisha Mabira, msitu wa takriban kilomita za mraba 300 ulio kati ya Kampala na Jinja. Baada ya hapo msitu hupotea, na kipande kikubwa kinachofuata upande wa mashariki ni Kakamega, magharibi mwa Kenya, chenye takriban kilomita za mraba 240.

Kakamega hutajwa na wanasayansi kuwa mabaki ya mashariki kabisa ya misitu ya jamii ya Guinea na Kongo. Miti yake, ndege wake na wadudu wake wengi wana asili moja na wale wa Uganda na Kongo kuliko wale wa pwani ya Kenya. Zaidi ya aina 400 za vipepeo zimeorodheshwa humo, idadi iliyo karibu na nusu ya aina zote zinazojulikana Kenya, ambazo ni takriban 900. Uganda, iliyo karibu zaidi na misitu hiyo mikubwa, ina zaidi ya aina 1,200.

Busia iko katikati ya pengo hilo. Kutoka Mabira hadi mpakani ni takriban kilomita 100, na kutoka mpakani hadi Kakamega ni takriban kilomita 80. Kwa ndege mkubwa hayo si mengi. Kwa kipepeo wa msituni anayekwepa jua kali na kuishi chini ya kivuli cha miti, ni safari ambayo huenda asiimalize.

Maana ya kuwa 'nje ya makazi'

Kila aina ya kipepeo ina eneo lake la msambao, yaani mahali inapozaliana mwaka baada ya mwaka. Eneo hilo halipangwi na nguvu za mabawa peke yake. Hupangwa kwanza na chakula cha kiwavi. Kipepeo mkubwa hunywa mbochi wa maua mengi mbalimbali, lakini kiwavi wake mara nyingi hula majani ya mmea mmoja, au ya mimea michache yenye udugu. Pasipo na mmea huo, jike hatagi, au akitaga watoto hufa kwa njaa.

Kwa sababu hiyo, wataalamu hutofautisha mambo matatu ambayo kwa macho ya kawaida hufanana. Kuna mpita njia, kipepeo aliyepotea au kusukumwa na upepo, ambaye atakufa bila kuacha kizazi. Kuna mhamaji, ambaye aina yake husafiri kwa makundi kufuata mvua na majani mapya. Na kuna mhamiaji wa kudumu, ambaye amepata mmea wake, ametaga, na watoto wake wameruka. Ni huyu wa tatu pekee anayebadilisha ramani.

Kumwona kipepeo mmoja hakutoshi kujua yuko katika kundi gani. Ndiyo maana wataalamu huuliza pia kuhusu viwavi, mayai na mimea iliyo karibu.

Wasafiri wa kawaida wa Afrika Mashariki

Baadhi ya vipepeo wa Afrika Mashariki ni wasafiri kwa asili. Mmoja wao ni yule wa manjano mpauko na kijani hafifu anayejulikana kisayansi kama Catopsilia florella. Viwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya Senna, na baada ya mvua maelfu yao huweza kupita siku nyingi mfululizo wakielekea upande mmoja. Kusini mwa Afrika, kipepeo mweupe mwenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, hufanya hivyo hivyo mwezi Desemba na Januari, akitoka nyika za Kalahari kuelekea kaskazini mashariki.

Uchunguzi wa kisayansi wa safari hizi una mizizi yake katika eneo hili pia. Mtaalamu wa wadudu Mwingereza, Carrington Bonsor Williams, alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara nchini Tanganyika, mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1930 alichapisha kitabu kuhusu uhamaji wa vipepeo, wakati ambapo watu wengi bado waliamini kuwa mdudu dhaifu kama huyo huenda tu anakopeperushwa. Aliweka hoja kwamba makundi mengi hushika mwelekeo wao wenyewe, hata upepo unapokuwa wa ubavuni.

Vipepeo wa msitu mnene ni habari nyingine. Jamii ya Euphaedra, kwa mfano, huruka karibu na ardhi katika kivuli na kula matunda yaliyoanguka na kuoza. Hawa hawapendi kuvuka hata shamba moja lililo wazi. Akionekana mmoja wao mbali na msitu, ni jambo la kushangaza kuliko makundi elfu ya wale wa manjano.

Kati ya pande hizo mbili wapo Charaxes, vipepeo wenye nguvu na kasi, ambao hufyonza utomvu wa miti iliyojeruhiwa, matunda yaliyochacha na hata kinyesi cha wanyama. Watafiti huwavuta kwa mitego ya wavu yenye chambo cha ndizi mbivu zilizochachushwa. Madume yao, kama ya aina nyingine nyingi, hupenda kukusanyika juu ya vilima kusubiri majike. Katika nchi tambarare, kilima kilicho peke yake ni mahali pazuri pa kuwatafuta wageni wa aina hii.

Sababu nne za kuonekana ugenini

Sababu ya kwanza ni hali ya hewa ya msimu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za kuanzia Septemba, huleta majani mapya; majani huleta viwavi; na wiki chache baadaye vipepeo huwa wengi kuliko chakula kilichopo. Baadhi yao hutawanyika. Mwaka wa mvua nzuri hutoa wazururaji wengi kuliko mwaka wa ukame.

Sababu ya pili ni mabadiliko ya tabianchi ya muda mrefu. Ushahidi maarufu zaidi ulitoka Ulaya. Mwaka 1999, mtafiti Camille Parmesan na wenzake walichapisha uchambuzi wa aina 35 za vipepeo wasiohama. Asilimia 63 kati ya hizo zilikuwa zimesogeza maeneo yao upande wa kaskazini, kwa kilomita 35 hadi 240, katika karne ya 20, joto lilipokuwa likiongezeka. Kwa nchi za Ikweta, mahali pa kukimbilia ubaridi kwa kawaida ni juu ya mlima, na aina iliyokwisha kufika kileleni haina pengine pa kwenda.

Sababu ya tatu ni kuharibiwa kwa makazi. Msitu unapokatwa, vipepeo wake hawafi wote siku hiyo hiyo. Baadhi hutoka wakitafuta mahali pengine, na kwa muda mfupi huonekana katika bustani na kando ya barabara ambako hawakuwahi kuonekana. Kwa mtazamaji, hiyo huweza kufanana na habari njema ya aina inayoenea, kumbe ni dalili ya aina inayofukuzwa.

Sababu ya nne ni binadamu mwenyewe. Busia na Malaba ni miongoni mwa vituo vya mpakani vyenye shughuli nyingi zaidi Afrika Mashariki, na malori ya mbao, matunda, miche na nafaka hupita usiku na mchana. Yai lililogandamana na jani, au pupa iliyojibanza kwenye ubao, husafiri bila hati. Aidha, biashara halali ya pupa za vipepeo ipo katika eneo hili: mradi wa Kipepeo ulioanzishwa mwaka 1993 huko Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke katika pwani ya Kenya, na ule wa Amani nchini Tanzania ulioanza miaka ya 2000, uliwawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo. Miradi hiyo imewapa wanavijiji sababu ya kuulinda msitu. Lakini inakumbusha pia kwamba kipepeo aliye ugenini huenda hakufika kwa mabawa yake.

Je, ni yeye kweli?

Kabla ya kuuliza amefikaje, lazima ithibitishwe kuwa ni yeye. Hapo ndipo ripoti nyingi za kuonekana kwa vipepeo adimu hukwama, kwa kuwa katika Afrika Mashariki vipepeo ni mabingwa wa kuigana.

Daktari Mwingereza Geoffrey Hale Carpenter alitumwa kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ziwa Victoria kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika visiwa vya Ssese alivutiwa na kipepeo aitwaye Pseudacraea eurytus, ambaye ndege wangeweza kumla bila madhara, lakini huvaa rangi za vipepeo wengine wenye sumu. Carpenter aligundua kwamba mahali ambapo wale wenye sumu walikuwa wachache, waigaji wao walianza kutofautiana na kupoteza ule mfanano. Pale walipokuwa wengi, uigaji ulikuwa kamili. Hoja yake ikawa miongoni mwa ushahidi wa mapema kutoka porini kuhusu uteuzi wa asili.

Kwa mtazamaji wa leo, somo ni la vitendo. Kipepeo anayeonekana mgeni huenda ni mwenyeji aliyevaa nguo za mwingine. Jike la Hypolimnas misippus, kwa mfano, hufanana sana na kipepeo wa kawaida wa rangi ya chungwa, Danaus chrysippus, hata kwa mtu mwenye uzoefu. Dume lake halifanani naye hata kidogo: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe.

Kipepeo mmoja, sura nne

Danaus chrysippus mwenyewe ana kisa kinachouhusu ukanda huu moja kwa moja. Ni kipepeo wa kale katika macho ya binadamu: vipepeo wanaofanana naye wamechorwa katika picha ya ukutani ya kaburi la Nebamun nchini Misri, ya takriban mwaka 1350 kabla ya Kristo, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, huhifadhi sumu yake mwilini, na ndege hujifunza kumkwepa.

Barani Afrika ana sura kuu nne. Magharibi, mabawa yake ya nyuma huwa meupe. Kaskazini mashariki, ncha nyeusi ya bawa la mbele hutoweka. Kusini, rangi huwa ya kahawia iliyokolea. Na upande wa kaskazini ipo ile sura ya chungwa yenye ncha nyeusi na madoa meupe. Sura hizi hukutana na kuchanganyika Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu wa Tororo anaweza kumwona kipepeo mwenye mabawa meupe ya nyuma, akadhani ni aina adimu, kumbe ni sura ya magharibi ya kipepeo anayemfahamu tangu utotoni.

Mchanganyiko huo una siri ya ajabu zaidi. Mwaka 2020, jopo la watafiti lililoongozwa na Simon Martin wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, likiwahusisha wanasayansi walioko Kenya, lilieleza kwamba karibu na Nairobi majike wengi wameambukizwa bakteria aitwaye Spiroplasma. Bakteria huyo hurithiwa kutoka kwa mama, na huwaua watoto wa kiume wakiwa bado wachanga kabisa. Mabinti hubaki, na katika baadhi ya maeneo madume huwa haba mno.

Jopo hilo lilionyesha pia kwamba kromosomu yenye vinasaba vya rangi imeungana na kromosomu ya jinsia ya kike katika majike hao, na kwamba rangi inayorithiwa kwa njia hiyo hufichwa na rangi ya baba. Matokeo yake ni kuwa mabinti hufanana na baba zao, na baba hao mara nyingi ni madume wahamaji wanaoletwa na misimu. Upepo na mvua zinapobadilika, rangi ya kizazi kizima hubadilika nazo. Kile kinachoonekana kuwa kufika kwa wageni kinaweza kuwa mabinti wa hapa hapa waliozaliwa na baba wa mbali.

Namna ya kujua alikotoka

Kwa miaka mingi, kujua asili ya kipepeo aliyepotea kulikuwa kazi ya kukisia. Hali imebadilika, na mfano ulio wazi zaidi unahusu Afrika.

Mwezi Oktoba 2013, mtafiti Gerard Talavera aliwakuta vipepeo wachache wa aina ya Vanessa cardui, mabawa yao yakiwa yamechakaa, kwenye ufuo wa bahari wa Guyana ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. Kipepeo huyu anapatikana Afrika, Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, lakini si huko. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kujibu swali la alikotoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Communications.

Watafiti walitumia ushahidi wa aina nne. Mwelekeo wa upepo wa siku zile ulitoka Afrika Magharibi. Vinasaba vyao vilifanana na vya vipepeo wa Afrika na Ulaya. Chavua iliyonata mwilini mwao ilikuwa ya mimea ya ukanda wa Saheli. Na kemikali za mabawa, ambazo hubeba alama ya ardhi na maji ya mahali kiwavi alipokula, zilisaidia kukisia walikozaliwa. Hitimisho lilikuwa kwamba walivuka Atlantiki, angalau kilomita 4,200, kwa muda wa siku tano hadi nane.

Mbinu hizo hizo zinaweza kuulizwa swali dogo la Busia. Chavua inaweza kusema kama kipepeo aligusa maua ya msituni. Vinasaba vinaweza kusema kama ana undugu na wale wa Mabira au wale wa Kakamega. Bawa moja lililookotwa, likiwa na tarehe na mahali, lina thamani kuliko masimulizi mengi.

Funzo la kiwavijeshi

Wakulima wa ukanda huu hawahitaji kuambiwa kwamba mdudu aliye nje ya makazi yake anaweza kubadilisha maisha. Kiwavijeshi vamizi, ambaye ni mtoto wa nondo, ndugu wa karibu wa vipepeo, ni mwenyeji wa bara la Amerika. Mwaka 2016 aliripotiwa kwa mara ya kwanza Afrika Magharibi. Kufikia mwaka 2017 alikuwa amethibitishwa Uganda na Kenya, na mashamba ya mahindi magharibi mwa Kenya yalikuwa miongoni mwa ya kwanza nchini humo kushambuliwa. Nondo huyo anaweza kuruka takriban kilomita 100 kwa usiku mmoja.

Nondo wa kwanza waliofika hawakujulikana kwa umaarufu wowote. Walikuwa wadudu wadogo wa rangi ya kijivu na kahawia, ambao wengi wasingewatazama mara mbili. Kadiri mgeni wa aina hiyo anavyotambuliwa mapema, ndivyo wakulima na serikali wanavyopata muda wa kujiandaa. Macho yanayomtambua kipepeo adimu ndiyo yale yale yanayoweza kumtambua nondo hatari.

Wasioonekana, au wasiotazamwa?

Kuna tahadhari nyingine ambayo wataalamu huisisitiza. Ramani za msambao wa vipepeo Afrika Mashariki huonyesha pia mahali watafiti walipopenda kwenda. Kakamega imechunguzwa kwa zaidi ya karne moja. Hugh Stoneham, mkusanyaji aliyeishi Kitale, aliacha makusanyo yake ya wadudu kwa taifa la Kenya, na yakawa msingi wa Jumba la Makumbusho la Kitale lililofunguliwa mwaka 1974. Kitabu kikuu cha Torben Larsen kuhusu vipepeo wa Kenya kilitoka mwaka 1991.

Upande wa Uganda, Idara ya Misitu ilifanya uchunguzi mpana wa misitu ya hifadhi 65 katika miaka ya 1990, ikitumia makundi matano ya viumbe kama kipimo: miti, ndege, wanyama wadogo, nondo wakubwa na vipepeo. Vipepeo walichaguliwa kwa kuwa wanatambulika kwa urahisi kiasi, na huitikia haraka mabadiliko ya mimea.

Lakini mashamba na vichaka vya Lunyo, mabonde ya mto Sio na vilima vya Tororo havikupata watazamaji wengi hivyo. Kwa hiyo kipepeo anayeitwa mgeni huenda amekuwepo siku zote. Aliyekuja karibuni ni mtu mwenye kamera ya simu. Ripoti moja haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Ripoti za miaka kumi, zikiwemo za siku ambazo hakuonekana, zinaweza.

Uzi uliobaki

Kile kinachofanya jambo hili liwe la haraka ni hali ya miti yenyewe. Hifadhi ya Msitu wa West Bugwe, yenye takriban kilomita za mraba 30, iliyo kati ya Busia na Tororo, ni miongoni mwa vipande vichache vya msitu vilivyosalia upande wa Uganda wa mpaka huu. Kama hifadhi nyingi za eneo hilo, imekabiliwa na ukataji wa miti kwa ajili ya kuni, mkaa, mbao na mashamba. Ng'ambo, magharibi mwa Kenya, miwa na mahindi vimechukua sehemu kubwa ya ardhi iliyo kati ya mpaka na Kakamega.

Mabira nayo imekuwa na misukosuko yake. Mwaka 2007, mpango wa kutoa sehemu ya msitu huo kwa kilimo cha miwa ulizua maandamano makubwa mjini Kampala, watu wakapoteza maisha, na mpango ukasitishwa.

Kipande kidogo cha msitu hakiwezi kuwatunza vipepeo wote wa msitu mkubwa. Kazi yake ni nyingine: ni kituo cha kupumzikia. Miti ya kingo za mito, vichaka vya maeneo ya ibada za jadi, hata mstari wa miti ya asili mpakani mwa shamba, huweza kumvusha kipepeo kutoka kivuli kimoja hadi kingine. Vituo hivyo vikiondolewa, Kakamega hubaki kisiwa kamili. Aina ikitoweka humo kwa moto, ukame au ugonjwa, hapatakuwa na wageni wa kutoka magharibi wa kuianzisha upya.

Hili ndilo linaloipa ripoti ya kipepeo wa msituni katika shamba la mihogo uzito wake. Inaonyesha kwamba, angalau kwa siku hiyo, njia ilipitika.

Anayemwona afanye nini

Wataalamu hawahimizi watu kuwakamata vipepeo adimu, na kukusanya viumbe ndani ya hifadhi za nchi zote mbili kunahitaji kibali. Kinachohitajika zaidi ni picha na maelezo.

Picha mbili ni bora kuliko moja: ya upande wa juu wa mabawa na ya upande wa chini, kwa kuwa aina nyingi hutofautishwa kwa upande wa chini tu. Tarehe, saa na jina la kijiji viandikwe siku hiyo hiyo. Ni vyema kutaja mmea aliotua, hali ya hewa ya siku hiyo na ya siku zilizotangulia, na kama mabawa yalikuwa mapya au yamechakaa. Mabawa yaliyochakaa huashiria safari ndefu au umri mkubwa, na mabawa mapya huashiria kuwa huenda amezaliwa karibu. Kiwavi aliyekutwa kwenye jani apigwe picha pamoja na jani lenyewe.

Picha hizo zinaweza kuwekwa katika hifadhidata za wazi kama iNaturalist, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali husaidia kutambua aina, au kupelekwa kwa taasisi za utafiti na makumbusho ya taifa. Walimu wa shule za mpakani wanaweza kuzifanya kuwa sehemu ya masomo ya sayansi, kwa gharama isiyozidi ile ya daftari na simu.

Sura ya kipepeo mkubwa kuliko wote Afrika, Papilio antimachus, ambaye upana wa mabawa yake huweza kuzidi sentimita 20, iliingia katika sayansi mwaka 1782, Dru Drury alipomweleza kutokana na kielelezo kilichotoka Sierra Leone. Anaishi hadi misitu ya magharibi mwa Uganda. Hakuna anayetarajia kumwona Lunyo. Lakini kati yake na wale wa kawaida wa bustanini zipo mamia ya aina nyingine ndogo za msituni, na kwa nyingi kati ya hizo, swali la kama bado zinafika mpakani linasubiri mtu wa kuandika tarehe na mahali alipoziona.